Seva ilijaa kila siku ya soko, lawama akatupiwa karani

Wakuu, vuteni kiti mnisikilize. Haya niliyaona mwenyewe hapa Rangwe, sijaongeza chumvi, na nikikumbuka bado damu inachemka.

Kuna kliniki ndogo huniita kompyuta zikisumbua. Wagonjwa huandikishwa kwa mfumo wa browser, na seva yenyewe iko kwa kabati pale pale.

Kila siku ya soko, saa nane mchana, seva inakwama. Mama ana mtoto mwenye homa mgongoni, anaambiwa angoje.

Waliotengeneza mfumo hata hawakuja. Walijibu kwa simu: "Karani wenu anafungua-fungua vitu vingi, ndiye anamaliza RAM."

Karani ni Min Achieng, yaani Mama Achieng, amekaa mapokezi miaka mingi. Akasema, "Nafungua faili ya mgonjwa. Walitaka nifungue nini, kanisa?"

Tulicheka. Mwenyekiti wa kliniki hakucheka. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa imeshachapwa, imebaki sahihi.

Nikamwambia mwenyekiti kwa cheo chake cha Kijaluo, "Jakom, nipe siku mbili."

Sehemu hii msiiogope, ni rahisi. RAM, yaani memori ya kompyuta, ni kama uwanja wa soko. Watu wakija unajaa, wakienda nyumbani unabaki wazi. Sasa, wengi wetu tunapima wakati wa msongamano pekee.

Nili-restart asubuhi ya soko, nikawa naandika kwa daftari memori inayotumiwa na ile programu ya wagonjwa kila nusu saa. Ikapanda, ila siku hiyo haikukwama kwa kuwa ilianza ikiwa tupu. Sawa. Jioni mgonjwa wa mwisho akaenda, haikushuka.

Kesho yake, kwa ombi langu, Min Achieng akabaki nyumbani. Mwenyekiti mwenyewe akakaa mapokezi, anachapa kwa kidole kimoja, faili moja moja. Memori ikaendelea kupanda kutoka pale ilipolala.

Saa tisa ikakwama mikononi mwake.

Akaniangalia, akatoa barua kwa droo, akaichana.

Nilipowatumia picha za daftari, wenye mfumo wakakubali: kila faili ikifunguliwa, picha ya mgonjwa iliyo ndani ilibaki kwenye memori, haiachiliwi. Mistari michache ya code ikamaliza shida.

Lakini kumpigia Min Achieng wamwambie pole? Hakuna. Hilo ndilo linaniuma.

Nanyi mliowahi kubebeshwa kosa la mashine, andikeni hapa chini, tusaidiane.

Na kabla hujamlaumu mtu: restart programu, andika memori yake, ngoja watumiaji waende, andika tena. Kesho asubuhi, kabla mtu hajaingia, andika mara ya tatu. Ikiwa haijashuka, kosa ni la programu, si la mtu.