Siku Nzima ya Malsun

Malsun maana yake ni msichana wa mwisho. Baba yake alikuwa na mabinti wanne, wa tano akampa jina hilo kwa kuomba iwe basi. Aliyemfuata alikuwa msichana pia. Malsun akiisimulia habari hii hucheka mpaka anashika mbavu, halafu huongeza kwamba tangu hapo haamini jambo kwa sababu tu mwanamume amelitangaza.

Aliolewa hapa kijijini kwetu Muan miaka michache kabla yangu. Nyumba zetu zinatenganishwa na ukuta mfupi, kwa hiyo hakuna cha kwake nisichokijua. Mumewe, Pansu, alikuwa mtu mpole. Walijaliwa mtoto mmoja, Gitae, na mbele za watu tunamwita Mama Gitae.

Kwetu sisi ni vitunguu. Ukifika mwezi wa sita kijiji kizima kinainama. Wanawake tunachuchumaa mistarini, tunang'oa, tunakata majani kwa mkasi na kujaza magunia. Wanaume wanapakia. Zamani walipakia kwa mgongo, na hapo sina neno, ilikuwa kazi nzito. Siku hizi trekta ndilo linalonyanyua, wao wanasimama pembeni na kuliambia kushoto, kulia. Lakini ujira ulibaki ule wa enzi za mgongo: wanaume won laki moja na nusu kwa siku, wanawake laki moja. Tunasema hela ya mwanamume na hela ya mwanamke, utadhani noti nazo zimezaliwa hivyo.

Ujira hupangwa kwenye mkutano wa kijiji wakati wa baridi, mtu mmoja kutoka kila nyumba. Wanaume hukaa ukumbini juu ya sakafu yenye moto chini yake. Wanawake tuko jikoni, mlango wazi, tunachemsha nyama ya nguruwe na kukata kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha. Kura hakuna. Mwenyekiti anasoma jambo, makofi yakipigwa limepita. Ujira huwa wa mwisho, harufu ya nyama imeshawafikia, mwenyekiti anasema ni kama mwaka jana, makofi, basi. Na hata sisi jikoni tulikuwa tunapiga. Tunasikia makofi, tunaweka visu chini, tunapiga. Ukinikumbusha hilo hasira zinanipanda mpaka leo.

Pansu alikufa mapema, trekta lilimpindukia kwenye mteremko. Sasa, kwetu watu husaidiana kwa siku: leo wewe shambani kwangu, kesho mimi kwako, hela haitoki. Watu walikuwa wamemsaidia Pansu kupanda, naye akafa hajawarudishia siku zao. Matanga hayajapoa, mwenyekiti wetu Ok Chilbong akaja uani kwa Malsun, akakohoa, akasema anasikitika sana, ila vitunguu vyake haviwezi kungoja. Malsun akajifunga kitambaa, akaniachia Gitae, akaenda. Aliwalipa wote, Chilbong na wengine, siku kwa siku. Alikuwa akirudi kumchukua mtoto giza limeshaingia, hata kula hawezi kwa uchovu.

Miaka ikapita. Gitae sasa ana watoto wake huko Gwangju, na mama yake ndiye anayetuongoza wanawake mashambani. Majira ya baridi yaliyopita aliniambia kwamba magoti yamechoka na moyo umechoka zaidi. Wasichana wachache tuliobaki nao walikuwa wanakimbilia kiwanda cha mwani. Ujira ukibaki vile, alisema, anauza shamba na kuhamia kwa mwanawe kulea wajukuu. Nilijua hatanii. Sikulala vizuri, maana bila yeye, juu ya huo ukuta ningechungulia nini?

Siku ya mkutano alituambia jikoni jambo moja tu: leo asipige mtu makofi mpaka ajue anapigia nini. Kisha akaingia ukumbini na aproni yake, akakaa katikati ya wanaume. Mjane ndiye mkuu wa nyumba, haki ya kukaa pale alikuwa nayo siku zote, ila alikuwa haitumii.

"Shemeji, umetuletea nini?" Chilbong aliuliza.

"Nimejileta mwenyewe."

Wakacheka. Ilipofika zamu ya ujira akanyoosha mkono kabla ya makofi, akasema wanawake walipwe sawa na wanaume. Wakacheka tena, safari hii kidogo. Chilbong alimjibu kwa upole, kama anambembeleza mtoto, kwamba mwanamume analisha nyumba, na ya mwanamke ni hela ya mboga tu.

"Kwangu hiyo mboga ndiyo nyumba nzima," Malsun akasema. "Mwenyekiti, Pansu alipokufa ulikuja kunidai siku zake. Nilikulipa, sikukulipa?"

"Ulinilipa, shemeji."

"Ulikuwa unadai siku za mwanamume. Nimekulipa kwa mikono hii. Ulisema zimepungua?"

"Sikusema."

"Basi niambie, siku yangu huwa inafupika saa ngapi? Ni pale hela inapotoka mfukoni mwako?"

Mke wa Chilbong alikuwa jikoni pamoja nasi, ameshika upawa. Akauweka chini, akaanza kupiga makofi. Tukamfuata sote, mimi mpaka viganja vikaniwasha. Na wanaume, ambao kwao makofi ni dalili kwamba nyama inakuja, wengi wao wakapiga kwa mazoea. Walipozinduka katibu ameshaandika, maana naye alikuwa na njaa. Mmoja akalalamika kwamba hakuelewa anapigia nini. Chilbong, amewiva uso, akasema makofi ni makofi. Angesema nini? Akiyakana haya, itabidi ayakane na yale ya miaka yote.

Asubuhi akatangaza kwenye kipaza sauti cha kijiji. Ujira wa wanaume, won laki moja na nusu. Ujira wa wanawake, akakohoa, won laki moja na nusu. Kila tangazo yeye husoma mara mbili, akarudia.

Nikachungulia. Malsun alikuwa amekaa uani anamenya vitunguu saumu. Nikamuuliza kama Gwangju bado ipo. Akasema Gwangju haihami, itangoja.

"Unakumbuka zile siku za Pansu, nilivyokuwa narudi usiku?" akaniuliza. "Wenzangu wote walikuwa wameshaenda nyumbani. Mimi nilibaki kwa sababu nilidhani siku ya mwanamke inawapunja."