Chura Aliyengoja Mvua

Eduviges Bórquez alikuwa amepiga picha nusu ya harusi za mji wa Hermosillo, lakini mteja mwenye maringo kama yule chura hakuwahi kumpata. Bibi harusi akichelewa, mama yake humfuata. Chura wa jangwani akishajifukia mchangani, nani amfuate? Hatoki mpaka asikie mvua.

Na Juni ile wingu hata la dawa hakuna. Eduviges alishinda kwenye maonyesho ya wanyama, mbele ya tangi la kioo la chura huyo, kamera mapajani. Wageni walipita, wakaona mchanga mtupu, wakasonya.

"Viges, nimechoka kusutwa na watu," alisema Bi Amparo, mkuu wa pale. "Kama hujapata picha ya kubandika hapo kufikia sikukuu ya Mtakatifu Yohane, tangi nampa kobe. Kobe angalau anaonekana."

"Na chura?"

"Stoo."

Lilimchoma neno hilo. Tangu kila mtu awe na simu ya kamera, yeye mwenyewe alikuwa kama yuko stoo.

Sikukuu ikafika. Siku hiyo watu humwagiana maji kuiita mvua, na hakuna anayeombwa radhi. Zulema, anayelisha wanyama, alikuwa amefunua tangi alisafishe. Mara akamjia Eduviges na ndoo.

"Leo huponi, shoga yangu."

"Zulema, kamera!"

Eduviges akainama kuikinga. Maji nusu yakampata yeye, nusu yakaishia tangini. Wenzao wakacheka, wakipiga ndoo tupu na kurukaruka. Yeye hasira zilimpanda mpaka machozi yakamlenga.

Ndipo mchanga ukatikisika.

"Basi, nyamazeni," akasema Bi Amparo.

"Nani anyamaze?" Eduviges akamkatiza. "Pigeni hizo ndoo! Anadhani ni mvua!"

Wakapiga. Kichwa kikachomoza, kisha macho mawili yenye tope. Eduviges akapiga picha huku akicheka.

Picha ilitoka safi, ila kwenye kioo cha tangi alionekana pia mwanamke aliyelowa chepechepe, kamera kifuani, meno yote nje.

"Huyo nitamkata," alisema.

"Thubutu," akajibu Bi Amparo. "Una picha yako nyingine wewe?"

Hakuwa nayo. Mpiga picha nani ampige?

Ikabandikwa ilivyo. Chura alisharudi chini, lakini siku hizi wageni hawasonyi. Huitazama picha, kisha huvuta viti na kungoja. Juzi msichana mmoja, mchumba wa mtu, alisimama mbele ya picha muda mrefu, akamuuliza Zulema:

"Huyu mama aliyelowa anapatikana wapi? Harusi yangu nataka anipige picha yeye."