Mtihani wa Makofi

Niliwekwa ndani mwali huku kichwa kimejaa Kiingereza. Hapo ni Kisarawe, enzi za Mwingereza, na mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kukatakata maneno ya sifa yaliyoungwa kutokana na mawili: kila silabi kofi moja, silabi nzito kofi kubwa. Sisi tuliozoea kulemea ya pili kutoka mwisho, siku zote, tuliteseka. Uzito wa Mwingereza hauna makao, leo uko mwanzo, kesho mwisho.

Bibi mzaa baba alikuwa keshakubali posa ya mtu mmoja mwenye minazi huko Soga. Baba, ambaye hakupenda ugomvi na mama yake, akaamua hivi: mwalimu anitahini, nikishinda nirudi shule, nikikosa hata neno moja niolewe. Mimi yule bwana nilikuwa simtaki, na minazi yake pia.

Mwali hapazi sauti, basi nikajifunza kwa kujipiga paja. Asubuhi good-looking, mchana absent-minded, mpaka Bibi akachoka.

"Mke mwenzangu, hilo paja umeliazima?"

Siku nyingine akauliza ni neno gani hilo linaloanza kwa kishindo. Nikamnong'oneza: waterproof, la makoti ya mvua. Akaguna, akasema linaingia kwa fujo kama wifi yake.

Kwa kuwa mwali haonwi na wanaume, mwalimu alikuja akaketi barazani na Baba, mimi nyuma ya ukuta, Bibi mlangoni na fimbo yake kulinda heshima. Mwalimu alitamka kila neno kavu kavu, bila kulemea popote, nami nikajibu kwa makofi. Nilikwenda vizuri na kiburi kikaanza kunipanda. Kisha akataja lile la koti.

Mikono ikaganda. Kiswahili changu kilinivuta katikati, na kitu kingine kikaniambia nikipiga katikati nimekwenda Soga.

Fimbo ikagonga kizingiti: moja nzito, mbili nyepesi. Nikapiga vivyo hivyo kabla sijafikiri.

"Sawasawa," mwalimu akasema. "Amemaliza yote."

"Mama, nani kagonga?" Baba akauliza.

"Nafukuza kuku," Bibi akajibu. "Na wewe kesho mapema uende Soga, ukamwambie mwenye minazi atafute kwingine."