Maji ya Njano ya Mama

Mama alikuwa akimwaga maji ya njano nyuma ya nyumba yetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nami nikamfokea. Balaa lilianzia hapo, na simsingizii mtu.

Maji yenyewe yalitoka kwenye maua ya kartame. Ni mmea wenye miba kama mbigili. Jirani yetu Mhabeshi huulima apate mafuta ya mbegu, maua humpa mama bure. Mbarara sokoni wapo wanaoyauza eti ni zafarani, uongo mtupu. Mama huyatumia kutia rangi ukindu wa vikapu vyake. Kwanza huyaloweka katika maji baridi, anayakamua mpaka njano yote itoke, anaimwaga. Kisha anayatia kwenye maji ya majivu, yaleyale tunayopikia maharage sisi watu wa Kivu, na hapo ndipo nyekundu inapokubali kutoka. Akikamulia ndimu, inashika ukindu.

Mimi sekondari nilisomea biyo-shimi, yaani biolojia na kemia. Siku hizi nashona nguo Nyamityobora, mjini Mbarara, lakini kiburi cha daftari hakijanitoka. Nilisoma kwenye simu kwamba njano ile ni flavonoidi, vitu ambavyo mmea hujitengenezea, na kwamba vile vya kartame husaidia damu kutembea. Nikaruka! Mama alikuwa na damu iliyoganda mguuni. Hospitali ilishampa vidonge vya kuizuia isigande tena, ila mguu bado ulimuuma. Kumbe dawa inamwagwa mavumbini kila wiki!

"Mama, unatupa kitu ya maana. Ukunywe."

"Hii ni maji ya kuoshea maua, mwanangu. Ni buchafu."

"Nani alisoma, mimi ao wewe?"

Alicheka, akanywa, akakunja uso. Tangu hapo nikawa naenda kila siku ya posho, yaani Jumamosi, kuhakikisha. Nilimjazia kikombe, nikakaa mbele yake mpaka amalize, nikamwachia dumu la wiki nzima. Tulipiga soga hadi jua lipungue. Nilijiona binti mwema, jamani.

Wiki ya tano jirani alinipigia simu: damu inamtoka mama puani tangu asubuhi, haikatiki. Wakampakia garini, nikawapokea mlangoni pa hospitali Mbarara. Kitenge alichojizibia pua kilikuwa kimelowa chote, na mikono yake ilikuwa na mabaka ya bluu kama ya mtu aliyepigwa.

Muuguzi alikuwa Mganda, mke wa mwanajeshi, na Kiswahili chake alikiokota katika kambi za jeshi. "Mama, wewe nakunywa dawa gani ya kienyeji? Sema ukweli."

"Hakuna, mama. Vidonge tu."

Ndivyo tulivyo wakimbizi. Ukitaja majani hospitalini utagombezwa mbele ya watu wote, kwa hiyo kila mtu anaapa hajaonja hata jani moja. Muuguzi akanigeukia. "Na wewe mtoto yake, najua kitu?"

Nikatikisa kichwa. Ole wangu! Mama yangu anatoka damu mbele ya macho yangu, na mimi nikatikisa kichwa kwa sababu niliona haya.

Wakampima. Jibu likaja kwamba damu yake haigandi ipasavyo, na vidonge kwenye paketi vilibaki kama inavyotakiwa, hakuzidisha hata kimoja. Daktari akaingia, akatoka, akarudi. Muuguzi akanivuta pembeni. "Sikiliza. Sisi tunapea yeye sindano, damu inasimama. Lakini kidonge tukiacha, damu ya mguu naganda tena, inaweza kupanda mpaka kwa mapafu. Tukirudisha, damu natoka tena. Kuna kitu ingine iko ndani. Kama hatujui, mama yako nakufa."

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Sasa mimi nilikuwa naficha ya mwenzangu! Nikarudi naye kitandani kwa mama.

"Ni mimi," nikasema.

"Aa, ni mie mwenyewe," mama akadakia, sauti imezibwa na kitenge. "Huyu hana kosa. Mie ndiye sisikiaka watu."

"Mama, nyamaza! Sister, nimempa maji ya maua ya kartame. Kikombe kila siku, wiki tano. Yeye alikuwa anayamwaga, mimi ndiye niliyemlazimisha."

Muuguzi alinitazama weee. "Umesoma, lakini kichwa uliacha wapi?" Hakuongeza neno, akaenda mbio kumwambia daktari. Walimchoma sindano, wakasema ile njano na vile vidonge vinavuta upande mmoja, vyote vinailegeza damu. Maji yakome, na vidonge virudi kidogo kidogo, kwa kupimwa. Kufikia jioni pua ilikuwa kavu.

Nilipombadilisha kitenge, nilimuuliza mama kama hakuona dalili yoyote kabla ya siku ile.

"Niliona. Fizi zilianza kutoka damu juma ya pili ya kunywa ile maji."

"Juma ya pili! Na ukanyamaza? Ulitaka kufa?"

Alinishika mkono. "Zamani ulikuwa unakuja mara moja kwa miezi tatu, na unakaa na viatu miguuni. Ile maji ndiyo ilikuleta. Ningesema ni mbaya, ungeacha kuja."

Nilimfunika miguu, nikatoka hadi barazani, nikalia mbele ya watu.