Moramu ya Ufaransa

Nimeendesha baiskeli Ufaransa karibu mwaka mzima na sijawahi kukanyaga huko. Safari zote nilizifanya ghorofani, katika jengo moja la The Pearl, mtaa wa matajiri kando ya bahari katika nchi ya Waarabu, kiyoyozi kikinipuliza kisogoni na madirisha yamefungwa kwa sababu ya joto. Mbele yangu palikuwa na televisheni pana iliyochukua nusu ya ukuta. Kando yangu alikaa mzee wa Kifaransa aliyepigwa na kiharusi, naye ndiye aliyekuwa kazi yangu.

Nilimwogesha, nikamvisha, nikamlisha pale mkono wa kushoto ulipochoka, na kila asubuhi nikampandisha baiskeli ya mazoezi. Yake ilikuwa na kiti cha kuegemea, na mguu wake wa kulia niliufunga kwenye pedali kwa mkanda. Baiskeli ya pili ilikuwa ya binti yake, ambaye hakuwa na muda wa kuipanda, maana ofisi yake ya Lusail ilimmeza kutwa. Siku ya kwanza mzee alikataa katakata kukanyaga peke yake. Alisema hajaendesha peke yake tangu aoe. Basi nikapanda ile ya binti, na sare yangu na kandambili, nikidhani ni ya siku hiyo tu.

Filamu tuliyoitazama kwenye televisheni huku tukikanyaga aliipiga mwenyewe kabla ya kuugua, kwa kamera ndogo aliyoifunga kwenye usukani. Kwa hiyo ulichokiona ni barabara, na mbele yako mgongo wa mkewe. Mkewe alivaa koti jekundu lililorukiwa matope mpaka mabegani, na hakugeuka nyuma hata mara moja. Alifariki mwaka mmoja kabla mzee hajapigwa na kiharusi. Hilo aliniambia binti, jikoni, kwa sauti ya chini.

Nilipoiona ile barabara mara ya kwanza nilicheka. Moramu! Kokoto, vumbi na madimbwi, sawa na ile yetu ya Lushoto inayopanda mlimani, ambayo kila uchaguzi tunaahidiwa lami. Nikamuuliza mzee kwa nini watu wenye lami safi kila kona wanaiacha wakatafute makorongo. Akasema kwenye lami kuna magari, kwenye moramu kuna ukimya. Tuliongea Kiingereza, chake cha Kifaransa na changu cha Lushoto, na yaliyobaki tukamaliziana kwa mikono mitatu, wake mmoja na yangu miwili.

Miezi ya mwanzo nilifurahia, nikiri. Tulipita kando ya mfereji wenye miti mirefu pande zote mbili. Tulivuka daraja la mawe ambalo mzee alisema lilijengwa na Warumi, tukapanda mpaka kwenye ngome iliyobaki mnara mmoja, kunguru wakiingia na kutoka madirishani. Chini ya ngome palikuwa na kisima kipana chenye paa, na mzee akaeleza kwamba zamani wanawake wa kijiji walikusanyika pale kufua. Siku hizi watalii wanapapiga picha. Mimi niliyatazama yale mawe ya kufulia, yalivyolika katikati, nikaacha kusikiliza habari za wafalme.

Kisha uchovu ukaingia, na huu haukuwa wa miguu. Mtu anaweza kuchoka na daraja. Nilijua dimbwi gani linakuja, kunguru yupi ataruka, wapi mzee ataguna kwa sababu ya mlima ambao haukuwepo. Nilikanyaga na kukanyaga, na nje ya dirisha boti za matajiri zilikuwa palepale zilipokuwa jana.

Uchovu huo ulikuwa na sababu yake. Mama yangu alikuwa anapofuka. Ugonjwa wa macho ulimwanza polepole na alipokwenda hospitali walimwambia amechelewa, kilichoondoka hakirudi. Kila Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nilimpigia simu, naye alinieleza anaona mpaka wapi. Mwanzoni alisema, "Naona mpaka getini. Barabara ndiyo imepotea." Mwisho wa maongezi aliniuliza neno lilelile.

"Umechoka, mwanangu?"

"Sijachoka, mama. Kazi ni nyepesi, nakaa kwenye kiti."

Nilitaka jambo moja tu, aniangalie usoni kabla macho hayajafunga. Lakini likizo yangu ilikuwa mikononi mwa binti wa mzee, aliyekuwa kafili wangu, yaani mdhamini aliyeshika kibali changu cha kazi, na alikuwa amesema wazi: baba akiweza kusimama na kutembea mwenyewe, atarudi kwake Ufaransa, nyumba imeshatengenezwa na mtu wa kumtunza ameshapatikana, nami siku hiyohiyo nitakatiwa tiketi. Kabla ya hapo hawezi kuniachia, kwa sababu mzee hakubali mtu mwingine. Hakuwa mtu mbaya. Alisema hivyo huku ananishika bega, na likizo ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena. Basi nikawa namwombea mzee apone kuliko nilivyowahi kujiombea mwenyewe.

Sasa, katika ile barabara, baada ya kisima cha kufulia, kuna nyumba yenye geti la mbao, na getini amesimama bibi mmoja mwenye aproni. Baiskeli zikimpita anainua mkono. Mke wa mzee anapita. Mzee anapita. Hakuna anayemwitikia. Mara ya kwanza nilidhani sikuona vizuri. Mara ya pili nikashindwa kuvumilia.

"Shikamoo bibi!" nikaiambia televisheni, na mkono nikainua.

Mzee akanitazama kana kwamba kiharusi kimenipata mimi. Nikamweleza kwamba kwetu hupiti mbele ya mtu mzima amesimama nyumbani kwake ukaendelea na hamsini zako. Utasemwa kijiji kizima, na watakaosemwa zaidi ni waliokulea.

"Hakusikii," akasema.

"Hilo ni juu yake. Mimi nimesalimia."

Akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue, mdomo ukienda upande mmoja. Siku iliyofuata alipofika kwa yule bibi akainua mkono wa kushoto na kusema "Sikamoo." Nikamwambia hapo ameharibu kabisa, mtu mzima hasalimiwi kwa mkono wa kushoto, bora angepita kimya. Akasema wa kulia umekufa. Nikamwambia basi bibi atamsamehe, lakini mimi bado nalifikiria. Ikawa mchezo wetu. Kila tukikaribia geti nilimwambia, "Mzee, wa kulia," naye alinionyesha wa kushoto kwa makusudi, kama mtoto mtundu. Binti alituona siku moja tunapungia televisheni mikono akatikisa kichwa.

Asubuhi moja nilikuwa nimelala vibaya. Chumbani kwetu, katika nyumba ya wafanyakazi, tunalala wanne, na mmoja alikuwa na kikohozi. Nilikanyaga nimeinamisha kichwa, na tulipofika getini sikusema kitu, nilisahau. Nikasikia mzee anasema, "Shikamoo, bibi," vizuri kabisa. Nikainua macho. Mkono uliokuwa juu ulikuwa wa kulia.

Haukutetemeka. Ulipanda mpaka usawa wa sikio, vidole vikakunjuka, kisha ukashuka kwenye paja na kulala palepale nilipouweka mimi saa ile namvisha shati. Yeye mwenyewe hakujua alichofanya mpaka alipoona nimeacha kukanyaga.

Mambo mengi yakajipanga kichwani mwangu kwa pamoja. Glasi ya maji niliyoiacha mezani nikaikuta dirishani. Ndala zake zilizohama upande wa kitanda. Nilivyodhani binti ndiye anayezisogeza. Nikazima televisheni.

"Mkono huu umepona lini?"

Akaufunika kwa ule wa kushoto.

"Na miguu?"

"Siku nyingi kidogo," akasema.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nilimwambia maneno ambayo mfanyakazi hamwambii mtu wa kafili wake. Nilimwambia mama yangu anapoteza macho kila wiki, na mimi nimefungwa hapa nikimwogesha mtu mwenye uwezo wa kujiogesha.

"Hukuniambia habari za mama yako," akasema.

"Hukuniuliza. Umenisimulia kila jiwe la Ufaransa, hukuniuliza kama nina mama."

Akainamisha kichwa. Kisha akaniambia kwamba alipokuwa hospitali alilia arudishwe kwake, na binti yake amehangaika sana kwa ajili ya kilio kile, hana uso wa kumwambia amebadili mawazo. Nyumbani buti za mkewe bado ziko nyuma ya mlango na matope yake. Akifika kule atakuwa mjane. "Hapa," akaonyesha televisheni iliyozimwa, "kila asubuhi yuko mbele yangu."

Nilitaka kuendelea kumchukia nikashindwa, na kule kushindwa kuliniudhi zaidi.

Mkenya mmoja ninayekaa naye chumba kimoja, muuguzi, nilimweleza tukiwa tunapika. Hakuona ugumu wowote.

"Huyo budaa anakucheza, wee! Si umwambie tu msichana wake? Khalas, upewe leave yako uende. Ama unamuonea huruma kuliko mamako?"

Hilo la mwisho lilinichoma. Siku zilizofuata nilimwogesha mzee bila kumtazama. Mdomo wangu ulikuwa tayari kila binti alipoingia mlangoni, na kila mara nilimwona amebeba mfuko wa mikate anayoipenda baba yake, akiniuliza, "Leo kuna nafuu?" Nikawa najibu kwamba tunaendelea. Getini kwa bibi tulipita kimya, sisi wote wawili, wasiolelewa.

Ijumaa nikapiga simu nyumbani. Mama alisema mvua imenyesha na viazi vimekubali. Nikamuuliza anaona mpaka wapi.

"Naona mpaka kwenye kamba ya nguo," akasema. "Geti nalisikia tu likifunguliwa."

Kutoka mlangoni kwetu hadi kamba ya nguo si mbali. Mtoto anarusha jiwe akapitiliza. Mama akaniuliza kama nimechoka, nikasema sijachoka, na nilipokata simu nilikaa kitandani na viatu mguuni. Niliamua. Jumamosi binti angekuwa nyumbani, na mimi ningemwambia kabla hata sijavaa sare.

Jumamosi nilipofungua mlango nikamkuta mzee ameshakaa kwenye baiskeli yake. Mguu wa kulia ulikuwa kwenye pedali, na mkanda ulikuwa umefungwa, si na mimi. Binti alikuwa chumbani kwake, nilimsikia anaongea na simu ya kazi.

"Mara moja," mzee akasema. "Mpaka mwisho."

Mwisho wa ile filamu nilikuwa sijauona. Kila siku, tulipoliona kanisa dogo la mawe juu ya kilima na koti jekundu likianza kupunguza mwendo, mzee alisema "inatosha," nami nilizima nikiamini pumzi zimemwishia. Ningeweza kukataa. Nilipanda baiskeli kwa sababu miguu yangu ilikuwa imezoea, sina sababu nyingine.

Mfereji, daraja, ngome, kisima. Getini tuliinua mikono yetu ya kulia, wote wawili, na hakuna aliyemwangalia mwenzake. Kanisa likatokea. Koti jekundu likapunguza mwendo, likasimama. Mkewe akashuka, akaegemeza baiskeli ukutani, akavua kofia ngumu, na kwa mara ya kwanza akageuka. Alikuwa mama wa kawaida kabisa, mwenye mvi zilizolowa jasho na tope shavuni. Akaja mpaka karibu na kamera, akauliza kitu kwa Kifaransa. Sauti ya mzee, sauti ambayo sikuwahi kuisikia, nene na yenye haraka, ikajibu. Mkewe akacheka. Picha ikaisha.

"Amesema nini?"

"Ameniuliza kama nimechoka."

"Ukasema?"

"Nikasema sijachoka hata kidogo." Akajifuta uso kwa ule mkono wa kulia. "Nilikuwa hoi, dada. Miguu ilikuwa haishikiki. Sijui kwa nini sikumwambia."

Aliitazama televisheni nyeusi, kisha akasema polepole, si kwangu, "Nimechoka."

Akainama akafungua mkanda mwenyewe. Nikashuka nimsaidie akanizuia kwa kiganja. Alishika usukani, akasimama, akangoja magoti yatulie, akaanza kutembea kuelekea chumba cha binti yake huku anaburuza mguu kidogo na kugusa ukuta kwa vidole. Nilitembea nyuma yake, karibu, mikono tayari, bila kumgusa. Aligonga mlango. Nilimsikia binti anasema kwenye simu asubiriwe kidogo, kisha akafungua, na simu ikamponyoka mkononi.

Niliwaacha. Nikatoka kwenye roshani, joto likanipiga usoni, chini boti zikiwa zimejipanga. Sikujua kama tiketi yangu itakuwa ya likizo au ya kuondoka kabisa, na sikutaka kujua siku hiyo. Haikuwa Ijumaa, kwa hiyo mama alipopokea simu sauti yake ilikuwa na hofu. Nikamwambia hakuna msiba. Akasikiliza ninavyohema.

"Umechoka, mwanangu?"

"Nimechoka, mama. Nimechoka sana. Nakuja nyumbani."

Nilimsikia anaburuza kigoda, nadhani anakigeuza kielekee nje.

"Basi njoo," akasema. "Ukiwa getini, piga kelele. Ukifika kwenye kamba ya nguo, simama hapo nikuone."