Kibati Kisicho na H

Kwa miaka mingi nimekana kwamba naangusha H. Nilikulia Kigoma, ambako ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na dada zangu huapa kwamba nikichoka au nikikasirika, "hapana" yangu hutoka "apana". Nimewaita waongo. Nina shahada mbili za Kiswahili, na kazi inayonilisha ni kuhariri, yaani kuwarudishia watu H zao: anayeandika "hasante" namnyang'anya, anayeandika "apa" namgawia. Mtu wa namna hiyo haangushi. Basi leo nakiri, na sababu ya kukiri ni safari ya Brussels.

Jumba dogo la makumbusho huko lilikuwa linaandaa maonyesho juu ya historia ya Wayahudi waliotumikia jeshi la Marekani. Mfadhili alitaka maelezo yawepo pia katika "lugha za jiji", na kwa kuwa Brussels ina Wakongo wengi, Kiswahili kikaingizwa. Mashine ikatafsiri. Kisha akahitajika binadamu wa kuthibitisha kwamba mashine haikukosea, naye akatafutwa mbali kadiri nauli ilivyoruhusu. Kwamba wasemaji wa Kiswahili walikuwa wanapita mbele ya mlango wa jumba kila asubuhi wakienda kazini, hilo halikumsumbua mtu.

Evere, kitongoji cha Brussels, jioni ya kufika. Nilifikia kwa Maman Espérance, mzaliwa wa Bukavu, rafiki wa rafiki yangu. Kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwao.

"Karibu, dada. Bon, ingia, baridi iko inaingia mbele yako."

Aliniwekea sombe, yaani kisamvu, na samaki wa chumvi, akaketi kunitazama nikila.

"Donc, walikutosha kule Tanzania yote ile, wakakuleta juu ya kuangalia Kiswahili yetu?"

"Kuhakiki tu, Maman."

"Ah, kuhakiki." Akamgeuza samaki upande wa pili. "Weye njo polisi ya H."

Kesho yake, karibu na Porte de Namur, mkurugenzi wa jumba alinipokea kwa kahawa na neno "ujumuishi", akanikabidhi mabango. Nilisoma kwa bidii na, lazima niseme, kwa faida. Nilijifunza kwamba katika vita vya Wamarekani wao kwa wao Wayahudi walipigana pande zote mbili. Nilijifunza pia kwamba sheria iliwahi kutaka kila kasisi wa jeshi awe Mkristo, mpaka Wayahudi walipolalamika ikabadilishwa. Nikasoma juu ya mamia ya maelfu waliokwenda kupigana na Hitler kwa niaba ya nchi ambayo baadhi ya hoteli zake hazikutaka wageni Wayahudi. Kila askari alivaa shingoni vibati viwili vyenye jina lake na herufi ya dini yake. Herufi ya Myahudi ilikuwa H. Mashine ilieleza: "H ni ya Mwebrania." Nikaipitisha.

Bango la mwisho lilihusu askari mmoja aliyefia Ubelgiji, katika majira ya baridi ya mwisho ya vita. "Kwa kuhofia kutekwa na Wajerumani, aliikana dini yake na kuifuta herufi hiyo." Nikaweka tiki. H zote zilikuwa mahali pake.

Jumatano, Maman Espérance alikuja jumbani akimshika mkono Papa Simon, mzee anayemtunza katika kitongoji cha Forest. Askari wa bango la mwisho alikuwa baba yake. Askari huyo alikutana na mama yake Simon hapa mjini, akaenda vitani kabla Simon hajazaliwa, hakurudi. Kibati kimoja alimwachia mama. Ndicho kitu pekee cha baba ambacho Papa Simon amewahi kushika, na siku hiyo alikuwa amekileta ili kiwekwe kwenye kabati la kioo. Mto wa mahameli ulishaandaliwa.

"Nisomee hayo ya kwenu," alimwambia Espérance kwa Kifaransa, akionyesha mabango ya Kiswahili.

Espérance akaanza kwa kicheko. "Dada, H ya Mwebrania? H iko wapi hapa? Nitafute chini ya meza?"

H hiyo ilikuwa ya Kiingereza, ya neno "Hebrew". Herufi ya kwanza ya Mwebrania ni M, na hata ukiivua hiyo M na W yake, hukuti H. Shahada mbili hazikuwa zimeliona hilo.

Akahamia bango la mwisho. Kicheko kikakatika.

"Linasema nini?" akauliza Papa Simon.

"Si kitu, Papa. Ni majina tu."

"Espérance."

"Bon. Inasema papa yako alikana Mungu yake."

Mzee alifumba kiganja juu ya kibati. Bango la Kifaransa, kama Espérance alivyonisomea baadaye, lilikuwa limesema tu kwamba baba yake aliifuta herufi. Huko kukana kulikuwa kwetu, mimi na mashine.

"Mama alikuwepo," akasema, na Espérance akanifasiria polepole. "Ilikuwa Ijumaa jioni, Sabato ikiingia, jikoni. Wenzake walimwambia Wajerumani wakikukamata na herufi ile wanakutenga, na waliotengwa hawarudi. Akachukua msumari, akakwaruza. Halafu akabariki mkate. Divai haikuwepo, mama akaweka bia. Hii ni Ubelgiji. Mtu aliyekana anabariki mkate?"

Akakitia kibati mfukoni mwa koti. "Ukuta ukibadilika, kitaingia. Usipobadilika, nitazikwa nacho."

Mkurugenzi alisikitika sana. Mabango yalishachapwa, akasema, na mabadiliko huamuliwa na kamati. Tena hakuna aliyewahi kulalamikia Kiswahili chao. Hilo lilikuwa kweli: kilikuwa na umri wa wiki mbili.

Jioni ile tuliandika upya kwenye meza ya Evere.

"Tia 'aliangusha'," akasema Espérance.

"Kuangusha ni bahati mbaya, Maman. Huyu alikwaruza makusudi."

"Na weye, unaangushaka ya kwako makusudi?"

"Mimi siangushi."

"Dada! Tangu ulifika: 'Apana, Maman, nimeshiba. Apana, usiongeze.' Hata sasa uko na hasira, sema 'hapana' nisikie."

Nilivuta karatasi karibu. Niliandika: *Ijumaa moja aliikwaruza herufi hii kwa msumari ili Wajerumani wasimtenge na wenzake, kisha akabariki mkate. Aliangusha herufi, hakuangusha imani.* Asubuhi mkurugenzi aliipokea karatasi kwa vidole viwili na kuniahidi kamati. Nikapanda ndege, kibati kikiwa bado mfukoni mwa koti kule Forest.

Morogoro, nyumbani kwangu, Jumapili ya ufunguzi wa maonyesho. Nilikuwa namrudishia mwandishi fulani H zake simu ilipoita.

"Dada! Tuko kwa maonyesho. Walibandika karatasi juu ya ile ya zamani. Imepinda kidogo."

"Na kibati?"

"Ngoja. Papa anataka yeye mwenyewe. Nilimufundisha tangu juzi."

Nikasikia makelele ya watu, miwani ikivaliwa, koo likisafishwa. Kisha sauti ya mzee, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe:

"Aliangusha erufi. Akuangusha imani."

Katika Kiswahili sanifu, ile H ya pili ndiyo iliyobeba ukanusho wote. Ing'oe, na sentensi ya mtu inaanza kuyumba. Kwa miaka mingi nimeandikia watu maelezo marefu pembeni kwa makosa madogo kuliko hilo.

"Kibati iko ndani ya kioo," Espérance alikuwa amerudi hewani. "Aliiweka na mukono yake. Sasa anauliza kama alisoma mubaya."

"Apana," nikasema. "Mwambie apana."