Pazia la Lubugo

Pazia langu la kwanza lilifia juu ya paa la basi. Lilikuwa turubai jepesi ambalo mwenye studio mmoja wa Bukoba alikuwa amelichora kwa mkono wake: ziwa la buluu, ndege ya abiria angani, na chungu cha maua ambayo sijayaona popote hadi leo. Aliniazima nilipoanza kuzunguka vijijini na kamera, baiskeli na kiti kimoja cha kukunja. Siku hiyo nilipakia mizigo juu ya basi la kwenda Muleba, mvua ikatunyeshea njia nzima. Nilipolikunjua mbele ya bwana na bibi harusi waliokuwa wakinisubiri, ndege ilikuwa imezama ziwani. Bibi harusi akaanza kulia.

Mwenye studio hakunigombeza. Alilitazama lile turubai, akalitumia kufunikia kuni zake.

"Sasa tafuta lako," alisema. "Lising'ae, lisiwe na mikunjo, lisishindane na sura ya mtu. Ukikumbuka hayo hutalala njaa."

Kusema ni rahisi. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, na kitambaa kikifika duka la ushirika kilikuwa kinakwisha kabla nusu ya foleni haijafika mlangoni. Nilijaribu nilichokipata. Shuka jeupe la shemeji yangu lilipitisha jua. Katika picha ya mwalimu mmoja kilionekana, juu ya bega lake, kivuli cha mbuzi akijikuna. Kitenge kilikuwa kibaya zaidi, maana maua yake yaliota vichwani mwa watu. Katekista mmoja alipoiona picha yake alinirudishia akaenda zake. Mwishowe nikabaki na blanketi la kijivu. Halikung'aa wala halikuwa na mikunjo, lakini kila aliyekaa mbele yake alitoka kama mgonjwa aliyeinuliwa kitandani.

Nilikuwa na blanketi hilo siku bibi mmoja aliponiita kutoka shambani kwake, upande wa Rubya. Alikuwa mwembamba, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu wa migomba, na aliishi peke yake. Mwanawe mmoja tu aliyebaki alifanya kazi Mwanza na alikuwa na watoto huko.

"Kasinge waitu," nilimwamkia.

Aliitikia, akaitazama kamera. "Hicho kinachukua sura ya mtu yeyote? Hata mzee?"

"Hata mzee, bibi."

Nilitundika blanketi kwenye ukuta wa banda la kahawa. Alilishika pembeni, akaliachia.

"Hili ni blanketi," alisema. "Mimi siumwi."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amebeba furushi lililofungwa kwa majani makavu ya migomba, na ndani yake mlikuwa na lubugo, ile nguo ya gome la mti iliyopondwa kwa nyundo mpaka ikalainika. Mimi nilizaliwa Bukoba mjini, baba yangu karani, Mlutheri wa shati lililopigwa pasi. Lubugo kwangu ilikuwa vazi la wazee wa zamani, habari za babu. Sikuwahi kuigusa. Ilikuwa na rangi ya udongo uliolowa, haikung'aa hata kidogo, na nilipoitundika ilianguka wima bila kunyanzi moja. Nilikuwa nimetafuta kitu hicho miezi na miezi.

Bibi akakaa. Nilimwambia aweke mikono mapajani, lakini mkono mmoja ukarudi nyuma ukashika upindo wa lubugo, na hapo akacheka. Nikabonyeza.

"Umeipenda," alisema, akiniona ninavyoipapasa.

"Sana, bibi."

"Basi niletee picha mbili, nayo ichukue."

Nilipaswa kumuuliza kwa nini. Sikuuliza. Niliogopa atabadili mawazo.

Nilimpelekea picha zake wiki iliyofuata. Alizisogeza karibu na macho, akazisogeza mbali, akanishukuru mara nyingi kuliko nilivyostahili.

Kwa lubugo ile nilipata jina. Katika picha za nyeusi na nyeupe, watu walitoka kama wamechongwa. Siku ya gulio Kamachumu niliitundika kati ya miti miwili, foleni ikawa ndefu, na wanawake wakawa wanaazimana shanga. Nilikuwa nimemkalisha mama mmoja na mtoto mchanga pale mzee mmoja mwenye fimbo alipopita nyuma yangu, akasimama, akaenda moja kwa moja hadi kwenye pazia. Alilipindua. Alifuata mshono kwa kidole kutoka juu hadi chini.

"Kijana, hii umeitoa wapi?"

"Nimepewa, mzee."

"Na nani? Haijavaliwa hata siku moja. Zimeshonwa mbili pamoja, urefu wa mtu na zaidi." Akanigeukia, na sauti yake haikuwa kubwa. "Hii imeshonwa kwa ajili ya kumzikia mtu."

Yule mama aliruka kutoka kwenye kiti kana kwamba kimeshika moto. Alimpapasa mtoto wake kichwani na mgongoni, akipangusa kitu ambacho hakikuwapo. Foleni ikavunjika. Mtu mmoja alipiga kelele kwamba mke wake alikaa pale asubuhi ile na ana mimba, afanye nini sasa, nimjibu! Nilisimama na kofia ya lenzi mkononi, nikihesabu kimoyomoyo nyuso zote nilizoziketisha mbele ya sanda. Hakuna aliyenipiga. Walisogea tu mbali nami, na hilo lilinitisha zaidi.

Niliikunja lubugo, nikaifunga kwenye keria ya baiskeli, na kesho yake alfajiri nikaenda kwa bibi. Njia nzima nilipanga maneno. Ningemuuliza kama alijua alichokuwa ananipa. Halafu nikakumbuka mkono wake ulivyoushika upindo, nikaelewa kwamba alijua vizuri sana.

Uani kwake palijaa watu. Nyasi mbichi zilikuwa zimetandikwa nyumbani, na wanawake walikuwa wakilia. Bibi alikuwa amefariki juzi yake.

Mwanamume mmoja wa makamo, amevaa suti ya kaunda iliyojaa vumbi la safari, alikuwa akizungumza na majirani kwa hasira. Ndiye mwanawe, aliyefika kutoka Mwanza.

"Aliishona yeye mwenyewe, nikiwa mdogo. Nimepekua nyumba nzima. Nani aliingia humu?"

Ndipo akaona kilichokuwa kwenye baiskeli yangu.

Sijui ile baiskeli niliiegemeza wapi. Najua tu kwamba alinishika ukosi wa shati na uso wake ulikuwa karibu na wangu.

"Unawaibia wanaosubiri kufa?"

Nilifungua mdomo. Kihaya kilinipotea, Kiswahili kikanipotea. Niliweza kutikisa kichwa tu, na machozi yalinitiririka mbele za watu nisiowajua.

Jirani mmoja wa kike, aliyekuwa akimhudumia bibi, alitoka ndani na kitabu cha sala. Katikati ya kurasa alichomoa picha.

"Mwachie," alisema. "Mama yako aliitoa mwenyewe. Nilimgombeza, nikamwambia utazikwa na nini. Akaniambia wewe utaleta shuka. Akasema wajukuu wake wa Mwanza hawajawahi kumwona, na yeye hana safari nyingine ya kuwafuata. Moja aliniachia mimi, hii ni yako. Aliniagiza nikupe."

Mwana aliniachia. Aliishika picha kwa mikono miwili. Mama yake alikuwa akicheka, na mkono wake uko nyuma, umeishika ile nguo. Akachuchumaa palepale, akatoa sauti ambayo sitaki kuielezea.

Walimzika jioni ile katika lubugo yake, na juu yake shuka alilolileta mwanawe. Nilibaki. Hakuna aliyenikaribisha wala kunifukuza. Nilisaidia kuchota maji.

Kesho yake nilipokuwa naaga, mwana akaniomba nimpige picha yeye na wafiwa wenzake.

"Samahani, sina pazia," nilimwambia.

"Usitundike kitu," akasema.

Wakajipanga uani, migomba nyuma yao. Mikono yangu ilikuwa bado inatetemeka, na niliposafisha filamu Bukoba nikakuta picha imetikisika, nyuso zote zina kingo mbilimbili. Nilimpelekea barua ya kuomba radhi pamoja na picha nyingine ya mama yake, kubwa, niliyoichapisha upya. Alijibu kwa mistari miwili. Ile kubwa ameitundika sebuleni, na watoto wanauliza bibi alikuwa anacheka nini.